Sweta la Kufichia Sare

Mama Sweta alikuwa na makufuli saba, na kila moja kati ya hayo aliliamini kuliko jeshi zima la polisi. Lilikuwepo la geti, mawili ya mlango wa mbele, mawili ya mlango wa jikoni, moja la stoo, na moja dogo la kabati la vikombe, ambalo hata mwizi mwenyewe angeliona la kuchekesha. Hayo yote yasingemshangaza mtu, maana mtaa mzima uliishi kwa makufuli. Kilichoshangaza ni kwamba binti yake wa mwisho, huyo waliyemwita Kitinda, alikuwa askari polisi.

Sasa msimfikirie vibaya. Alimpenda Kitinda kupita kiasi, wala hakulificha hilo. Siku binti alipomaliza mafunzo, alimpa zawadi aliyoifuma mwenyewe: sweta la buluu iliyokolea, refu mpaka mapajani, lenye vifungo vinane na kola inayopanda shingoni.

"Ukija nyumbani, uvae hili juu," alimwambia.

"Kwa sababu ya baridi?"

"Kwa sababu ya majirani."

Miaka sita ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Jua liwake, mvua inyeshe, Kitinda akitoka kazini kwenda kwa mama yake alisimama kwenye kona ya mtaa, akatoa sweta kwenye mkoba, akafunga vifungo vyote vinane juu ya sare, kisha akaendelea na safari huku jasho linamtiririka mgongoni. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba anafanya kazi serikalini, upande wa maandishi. Wote walijua ukweli. Adabu tu ndiyo iliyowafunga midomo, na fundi redio wa nyumba ya mkabala, ambaye adabu yake ilikuwa na mipaka, alimwita "mtu wa maandishi" huku akiuma mdomo asicheke.

Sababu ya Mama Sweta ilikuwa ya siku nyingi. Marehemu mumewe alikuwa tarishi, na baiskeli yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ikaibwa mchana kweupe. Akaenda kituoni kuripoti. Wakamwambia kaa kwenye benchi, akakaa mpaka jioni, wakamwambia njoo kesho. Alikwenda siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hakwenda tena, na tangu hapo alipeleka barua za watu kwa miguu mpaka alipostaafu. Hakulalamika. Aliacha tu kupita barabara ya kituo, hata pale ilipokuwa njia ya mkato.

Kitu ambacho Mama Sweta hakukijua ni kwamba moja ya siku hizo kumi na moja Kitinda alikuwa pale. Alikuwa na miaka minane, amekaa kwenye benchi pembeni ya baba yake, miguu haifiki sakafuni. Alimwona baba yake akinyanyuka kila mlango ulipofunguliwa na kuketi tena. Ndiyo maana aliingia polisi. Hakuwahi kumwambia mtu, kwani kuna mambo ukianza kuyasema unalia, naye hakupenda kulia mbele za watu.

Basi, siku moja mkuu wa kituo alichofanyia kazi Kitinda, kilekile cha benchi la baba yake, aliingia na furushi la fomu. Amri ilikuwa imetoka juu: askari wapite nyumba kwa nyumba wawaulize wananchi kama wanajisikia salama na kama wana imani na polisi wao. Kila askari na mtaa wake, sare kamili. Kitinda akaomba mtaa wa kwao. Akaacha sweta kituoni, na alipofika kwenye ile kona mikono yake ilianza kutafuta vifungo ambavyo havikuwepo.

Majibu ya mtaa yalikuwa matamu ajabu. Kila nyumba walimsikia akigonga, wakachungulia, wakafungua makufuli matatu manne, wakamwambia wanajisikia salama salimini. Fundi redio, ambaye alikuwa ameweka nondo mpaka kwenye kidirisha cha choo, hakusubiri hata maswali yaishe.

"Andika vizuri tu, mtu wa maandishi," alisema. "Kote weka vizuri sana."

"Lakini hujasikia swali, mjomba."

"Swali la polisi lina jibu jingine?"

Akacheka, naye Kitinda akacheka, ingawa moyoni hakufurahi hata kidogo. Alikwenda hivyo nyumba arobaini na moja. Ya arobaini na mbili ilikuwa ya kwao.

Mama Sweta alifungua geti, akaiona sare, akamvuta ndani kwa mkono kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua.

"Sweta liko wapi?"

"Nimekuja kikazi, mama. Nina maswali."

"Kikazi?" Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akakaa, akachukua sindano zake mbili na uzi. "Basi kitambulisho."

"Mama!"

"Siwezi kujibu maswali ya mtu nisiyemjua."

Kitinda akatoa kitambulisho. Mama akakisoma chote, akageuza nyuma, akasema picha imemzeesha, akamrudishia. Ndipo kazi ikaanza.

"Je, unajisikia salama unapokuwa nyumbani peke yako?"

"Hapana."

Kalamu ikasimama. Tangu asubuhi Kitinda alikuwa hajasikia neno hilo. Aliweka alama, akaendelea.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, umeibiwa?"

"Ndiyo."

"Umeibiwa nini?"

"Hilo nalo limo kwenye fomu?"

"Mama, umeibiwa nini?"

Mama hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Mashine."

Kitinda akageuka kuangalia kona ya dirishani. Hapo ndipo ilipokaa mashine ya kufumia, iliyomfumia mama masweta ya shule tatu na kumpa hilo jina lake. Sasa palikuwa na meza tupu iliyofunikwa kitambaa na chombo cha maua juu yake. Miezi mitatu mama alikuwa akimwambia mashine iko kwa fundi. Miezi mitatu, kila Jumapili, Kitinda alikuwa amekula chakula akitazamana na meza ile, amemwona mama yake akifuma kwa mkono sweta moja siku nne badala ya siku moja, na habari za fundi akaziamini zote. Polisi huyo!

"Uliripoti?" aliuliza, na sauti ilikuwa imemshuka.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Soma majibu yaliyomo."

Kitinda akasoma: kituo kiko mbali, sikuwa na muda, sikuona faida, sababu nyingine.

"Weka sababu nyingine," alisema mama.

"Inabidi uitaje."

Mama Sweta akaziweka sindano mapajani. Aliunyoosha uzi ambao haukuwa umejikunja.

"Polisi wengine nimeshazoea kutowaamini," alisema. "Hainiumi tena. Wewe nakuamini. Sasa fikiria ningekuja hapo kwenu, halafu mniambie njoo kesho, kama mlivyomwambia baba yako. Ningefanyaje, Kitinda? Mashine imekwenda, basi. Sikutaka na wewe uende."

Hapo Kitinda akalia, tena ndani ya sare kamili. Mama alimwacha alie, akamletea maji, akamfuta mashavu kwa ncha ya mkono wa sweta la mtoto wa watu alilokuwa akilifuma. Nafasi ya "sababu nyingine" ilikuwa mstari mmoja tu. Kitinda aliyaandika maneno ya mama yake yote, neno kwa neno, yakajaa mstari, yakapanda pembeni mwa karatasi na kuzungukia juu.

Alipokuwa akiondoka alisema, "Siwezi kukuahidi kwamba itapatikana. Miezi mitatu ni mingi. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: ukiripoti, kila Ijumaa nitakuja kukwambia tumefika wapi, hata kama hatujafika popote."

Mama alifungua geti kidogo, akachungulia kulia na kushoto, kisha ndipo akamruhusu atoke.

Kituoni, fomu zilipangwa mezani kwa mkuu wa kituo. Sajenti wa kaunta ndiye aliyezipitia. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, na kwa raia alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: njoo kesho. Hakuwa yeye aliyemwambia tarishi. Alihamia kituo hicho miaka minne tu iliyopita, ila maneno hayo aliyakuta hapohapo, pamoja na benchi.

"Arobaini na moja safi kabisa," alisema Sajenti. "Hii moja inatuharibia. Tuitoe tu, mkuu, nani atajua?"

"Hiyo moja ni ya mama yangu," alisema Kitinda.

Sajenti akaivuta fomu karibu na macho, akasoma mstari, akaigeuza kufuata maandishi yaliyopanda pembeni, akaigeuza tena mpaka ikawa kichwa chini miguu juu. Alipomaliza aliiweka juu ya zile nyingine zote, akatoka nje kupunga upepo. Mkuu wa kituo alikohoa, akasema fomu zote zitakwenda kama zilivyo.

Siku mbili baadaye, saa mbili asubuhi, Mama Sweta aliingia kituoni. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na amebeba vikapu viwili. Kimoja kilikuwa na chupa ya chai, chakula cha mchana, na mto mdogo wa kukalia. Cha pili kilikuwa na uzi wa kufumia sweta zima. Alikuwa amejiandaa kwa siku nzima, labda na ya pili yake. Aliweka mto kwenye benchi, akaketi, akatoa sindano zake bila kumtazama mtu.

Kitinda alikuwa kaunta. Lakini sheria ya kituo ni kwamba askari hapokei maelezo ya ndugu yake, kwa hiyo mwandishi alikuwa Sajenti, hakuna mwingine. Kitinda akabaki amesimama na mhuri mkononi, akimtazama Sajenti kama jogoo anayetazama kisu.

Sajenti alifungua mdomo. Midomo yake ilikuwa tayari imekaa mkao wa yale maneno yake mawili, miaka thelathini ya mazoea si mchezo. Akaufunga. Akapangusa kitabu cha matukio kwa kiganja.

"Mama, karibu," alisema. "Nianze na majina yako."

Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri ambao Kitinda hakujua kama anao. Aliuliza rangi ya mashine, aliuliza ina alama gani, na mama alipotaja sindano ya saba kutoka kushoto iliyopinda, aliandika na hiyo. Akamsomea yote tangu mwanzo, akampa namba ya taarifa kwenye kikaratasi. Dakika ishirini kazi ikawa imekwisha.

"Tayari?" aliuliza Mama Sweta.

"Tayari, mama. Unaweza kwenda."

Mama Sweta alitazama vikapu vyake. Alionekana kama mtu aliyedhulumiwa. Kisha akarudi kwenye benchi, akajiweka sawa juu ya mto, akaendelea kufuma.

Kitinda akamfuata. "Mama, umeshamaliza. Mbona huendi?"

"Nimekuja na chakula changu, nakwenda wapi?" Halafu akashusha sauti. "Baba yako alikaa hapa siku kumi na moja. Acha nimkalie hii moja, nami nikiwa sisubiri kitu."

Alikaa mpaka saa saba mchana. Kila aliyeingia akiwa na wasiwasi, mama alimsogezea nafasi kwenye benchi, akammiminia chai, akamwelekeza kwa sindano: yule mnene anaandika vizuri, mwambie kila kitu.

Ijumaa ikafika. Kitinda alikuwa amewazungukia wauza vitu vikuukuu wawili na fundi mmoja wa mashine, hakupata hata fununu. Njia nzima alipanga maneno. Kwenye kona alisimama, akavaa sweta, akafunga vifungo vinane. Fundi redio alikuwa mlangoni pake.

"Afande," alisema, na safari hii hakucheka. "Ile fomu yangu, unaweza kuniletea nyingine? Ile nilijibu haraka haraka."

Kitinda akamwambia atamletea. Akavuka, akagonga geti. Mama akalifungua wazi kabisa, akasimama akisubiri, mikono imefungwa kifuani.

"Bado, mama," alisema Kitinda. "Haijapatikana." Akamweleza alikopita, mmoja mmoja, na wanakokusudia kupita wiki ijayo. Alisubiri kuona sura ya mama yake ikibadilika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema. "Nimesikia. Sasa vua hilo sweta."

"Kuna nini?"

"Vua, nimekwambia. Askari amekuja kwangu Ijumaa kama alivyosema, halafu anajifunga vifungo mpaka shingoni, majirani watajuaje?"

Akaanza kuvifungua yeye mwenyewe palepale getini, kimoja kimoja, vyote vinane.