Nukta ya Kwanza na ya Mwisho

Usingizi unanichukua alasiri, kichwa juu ya meza ya maabara, na aibu yake naijua, mwanamke wa miaka thelathini na minne kulala kazini. Lakini kompyuta inaniuliza swali na sitaki kulijibu. Kazi yangu ni fizikia, nyuso za vitu jinsi zinavyokua. Namwaga chembe ndani ya kompyuta, moja moja, kama mtu anayechekecha unga juu ya sinia, zinarundikana kwenye safu elfu nne, hapa kilima, pale shimo. Kisha kila safu naiita nukta, na nukta mbili naziunganisha kwa mstari ikiwa vilele vyao vinaonana bila kilima cha katikati kuzuia. Hapo mrundikano unageuka mtandao, na mtandao unanieleza uso unakuaje. Walio juu wana mistari mamia. Walio shimoni wana miwili tu, ya majirani, na hao ndio wananiharibia mchoro. Msimamizi wangu anautaka Jumatatu. Basi nimeiamuru programu iondoe kila nukta yenye mistari chini ya mitatu, nayo inauliza: nukta 313 zitaondolewa, endelea? Simu inatetemeka pembeni. Ni Jumapili, ni Mama kutoka Tukuyu, nami najiambia nitampigia baadaye, kama nilivyojiambia Jumapili zote tangu tumzike Baba, miezi kumi na minne. Nafumba macho kidogo tu.

Chembe zinaanza kugonga bati. Nainuka, nafungua mlango wa maabara, na nje hakuna korido, kuna barabara moja iliyonyooka, nyumba upande mmoja tu, kila nyumba na namba yake mlangoni. Yangu ni 4000. Chembe zinaanguka kutoka mbinguni pasipo na wingu, na kila inayotua inainua paa kidogo, na paa lililo juu linazidaka kabla hazijamfikia wa chini, mwenye nacho huongezewa, hata kulala kwangu hakuibadilishi kanuni hiyo. Mbele yangu anasimama mtu mwenye koti jeupe la maabara. Uso hana, pale palipopaswa kuwa na uso pamelainishwa, kazi ya watu kama mimi. Kitendawili, anasema. Tega, nasema, maana nimelelewa vizuri. Kamba yangu haina uzito, wawili wanaishika bila mikono, jirani akiinua ukuta inakatika. Mwanga, namjibu haraka, ndiyo fizikia yangu hiyo. Siyo, anasema, nipe mji. Nami, kama watu wote wanaoshindwa kitendawili, nautupa mji wa kwanza unaonijia, mji ambao siutumii. Chukua Tukuyu.

Anachukua kweli. Anatoa daftari, anaandika, na mbali sana mwanzoni mwa barabara kitu kinazimika kama taa ya jirani. Nimeupokea, anasema, na waliomo nitawapitia kwa kanuni yako, mwenye mistari chini ya mitatu namfuta. Mlango namba moja kuna mjane. Ana miwili. Ni nani hao wawili, nauliza, ingawa nimeshajua. Mama Ipyana anayemchotea maji, na mchungaji anayechungulia dirishani akipita. Nasema, na mimi je? Anageuza daftari anionyeshe. Jina langu halimo.

Nakimbia. 3999, 3998, milango inapita, watu wamekaa mapaani juu kabisa wakiangaliana kwa mamia na hakuna anayeniangalia mimi. Nafika nyumba ya 3000 nakuta mtaa ni ule ule wa 4000, kama unaonekana kwenye kioo, duka la upande wa kulia liko kushoto, maandishi yamegeuka, hata mwanamke anayefagia anafagia kwa mkono wa pili. Namuuliza, dada, namba moja ni mbali? Anasema, inategemea umetoka wapi. Nimetoka 4000. Anacheka kidogo, si kwa ubaya. Pole, basi umekimbia bure. Nadhani ananikebehi, naendelea, na barabara inaendelea, na kila nikiita Mama sauti inagonga ukuta wa nyumba ya mbele na kufia hapo. Sijawahi kuwa mpweke namna hii, na mbaya zaidi nautambua upweke wenyewe, ni huu huu ninaokaa nao kila siku kazini, huku tu una barabara.

Naketi chini nalia. Na katika kulia, kwa kuwa kichwa changu hakijui kupumzika, nakumbuka programu yangu. Uso ninaoukuza kwenye kompyuta hauna kingo. Mwanzoni kabisa niliunganisha ncha zake, chembe ikiteleza kutoka safu ya mwisho inaangukia ya kwanza, kila mtu katika kazi hii hufanya hivyo ili pembeni pasiwe na pengo. Chembe niliziambia. Mistari sikuiambia. Nilisahau kabisa, nikawa naihesabu namba moja kana kwamba upande wake mmoja hakuna mtu. Nageuka, narudi mbio hadi 4000, nazunguka nyuma ya maabara yangu ambako sijawahi kuzunguka, na pale, hatua moja, ni uwanja wa nyumbani, migomba yake, baridi yake, chembe zimefika usawa wa madirisha.

Mama yuko jikoni, anamenya viazi. Ugonile, Tumpe, anasema, salamu ya kwetu inayouliza kama umelala, lakini hainui macho kutoka kwenye kisu. Nimelala, Mama. Anasogeza kigoda. Kaa, chai ipo. Asiye na uso ameshaingia, kifutio mkononi, anahesabu. Mama Ipyana, mmoja. Mchungaji, wawili. Wa tatu? Nasema, mimi, niko hapa. Anasema, kuwepo tu hakuhesabiwi. Na ni kweli, kwa sababu mimi nami natazama sakafu. Siku ya tatu ya matanga ya Baba niliondoka kwenda kwenye mkutano wa kisayansi, Mama akiwa amekaa mkekani, nikamuaga nikiangalia saa. Tangu siku ile sijamtazama. Kifutio kinashuka begani kwake, bega linaanza kuwa jeupe. Mama, nasema, niangalie. Anasema, naogopa nikikuangalia utaondoka. Nisamehe, Mama, nilikuacha mkekani. Anaweka kisu chini. Anainua macho, nami nainua yangu, na yake ni mazee kuliko nilivyoyaacha. Kuonana, namwambia yule bila kumgeukia, jibu la kitendawili ni kuonana. Nirudishie mji wangu.

Naamka shavu limebandika kwenye karatasi. Jua bado lipo dirishani, chai ya asubuhi imeganda utando mezani. Kompyuta inauliza: nukta 312 zitaondolewa, endelea? Naisoma mara tatu. Ilikuwa 313, nina hakika, na sikumbuki kugusa chochote. Nafungua orodha ya zinazoondolewa, namba moja haimo. Sijui kama haimo kwa sababu imeokoka, au kwa sababu imeshafutwa. Nabonyeza hapana, nakataa zote, mchoro na uharibike ukitaka, kisha napiga simu Tukuyu. Inaita. Inaita sana. Nahesabu mlio kwa mlio kama mjinga.

Haloo, Tumpe, anasema Mama. Mbona umeondoka bila kumaliza chai?

Nasikia kisu kikigusa sufuria, nasikia mvua juu ya bati lake, au kitu kama mvua. Nataka kumuuliza nilikuwa huko lini. Nakumbuka pia kwamba ni mjane anayekaa peke yake, na kwamba watu wa namna hiyo huanza kuongea na vigoda vitupu.

Ifunike, Mama, namwambia. Narudi sasa hivi.