Wimbo Juu ya Sauti ya Egesa

Vumbi la Busia halitui. Malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, na vumbi linapanda, linavuka mpaka bila karatasi, linaingia Kenya, linarudi Uganda, linatua juu ya kope za mama yangu. Mama halifuti. Mikono yake yote miwili imeshika kanda moja ya kaseti, kifuani, kama aliyebeba kifaranga.

Tumetoka Tororo, Uganda, asubuhi. Ana miaka themanini na mmoja, jina lake Nasirumbi, na leo ameamua kumsikia mwanawe.

Mimi ni Nerima, bintiye. Ninamfuata nyuma, mwanamke wa miaka arobaini na saba, na magoti yangu ni ya mtoto wa miaka tisa.

Enyi nyimbo za miaka ya themanini, mlitufanya nini? Ngoma zenu za mashine, vinanda vyenu vya umeme vilivyodondoka kama mvua ya kwanza juu ya bati, Kiingereza chenu tulichokiimba bila kukielewa, tukichota maji, tukipalilia mihogo, huko kijijini kwetu Bulumbi. Kaka yangu Egesa ndiye aliyewaleta nyumbani. Kila Jumamosi jioni alikaa mbele ya redio yake ya kaseti, vidole juu ya vitufe viwili vya kurekodi, akiomba mtangazaji anyamaze wimbo uanze. Alicheza kwa mabega tu, miguu imetulia. Nami nilimwiga, mabega tu, miguu imetulia.

Mwaka wa themanini na saba akapata kazi ya utingo kwenye lori la kwenda kaskazini, kupitia Tororo. Kaskazini kulikuwa na bunduki. Mama alikataa, wakagombana, wakanyimana salamu. Ijumaa alfajiri Egesa aliondoka mama akiwa kisimani. Aliniambia nimwambie mama kwamba amemwekea maneno kwenye kanda, upande wa kwanza, mwanzo kabisa.

Nilimwambia. Mama, kwa hasira, akasema hatasikiliza mashine; arudi ayaseme kwa mdomo wake.

Lori halikufika lilikokuwa linakwenda. Hasira ya mama ikageuka hofu, na hofu ikawa mwiko: kumsikiliza Egesa bila Egesa kulikuwa sawa na kumzika. Redio ikaibwa mwaka uliofuata. Kanda ikabaki, imefungwa kwenye kitambaa, miaka thelathini na minane.

Lakini kati ya ile Ijumaa na hofu kulikuwa na Jumamosi.

Jumamosi jioni redio ilitangaza wimbo wangu, ule niliokuwa nikiungoja wiki nzima, na nyumbani hapakuwa na kanda nyingine, Egesa alikwenda nazo. Nilijua kilichokuwa ndani. Nilidhani Jumapili atarudi, aseme tena. Nilikuwa na miaka tisa. Vitufe viwili, nikavibonyeza kwa pamoja.

Sasa tumeketi katika kibanda cha Wilkister, fundi wa redio, upande wa Kenya. Amefungua kanda kwa bisibisi ndogo, ameibadilishia kasha, ameizungusha kwa kalamu taratibu, pumzi ameibana. Anasema utepe umechoka. Anasema utacheza mara moja. Mara ya pili hawezi kuahidi.

Kidole chake kinashuka kwenye kitufe cha kuchezea.

"Mama, ngoja," nikasema.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, wimbo, Jumamosi, vitufe viwili, huku nikiitazama mikono yake kwa sababu uso sikuuweza. Nje, dereva wa lori alipiga honi ndefu. Mikono ya mama haikusogea.

"Yote ulifuta?"

"Sijui. Sikuwahi kuisikiliza tena."

 Akamgeukia Wilkister, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani: "Weka."

Wimbo ukaanza. Ee wimbo wangu, jinsi nilivyokupenda, jinsi nilivyokuchukia. Ngoma ya mashine, kinanda cha umeme, mwanamke anaimba mapenzi ambayo mtoto wa Bulumbi hakuyajua. Mama akausikiliza kama mtu anayesomewa hukumu, dakika moja, dakika mbili, utepe ukilalamika, Wilkister akiukodolea macho. Dakika ya tatu. Ya nne. Kinanda kikazama.

Tak. Hapo ndipo niliposimamisha kurekodi.

Mvumo. Jogoo wa zamani akawika mbali. Kisha, kwa Kisamia chetu, kijana wa miaka ishirini na mmoja akamalizia sentensi ambayo mwanzo wake nilikuwa nimeumeza:

"...na redio mwachieni Nerima. Yeye anapenda nyimbo kuliko mimi. Haya, mama, usikasirike. Nakwenda."

Utepe ukaendelea kuzunguka, mtupu. Hakuna aliyeuzima.

Mama alikuwa ameushika mkono wangu, sijui tangu lini, kwa nguvu ya kuumiza. Hakunitazama. Machozi yake yalishuka yakichora njia katika vumbi, na bado hakufuta.

"Rudisha nyuma," akamwambia Wilkister.

Wilkister akamkumbusha kwa upole kwamba utepe unaweza kukatika. Akasema afadhali arudishe kidogo tu, mpaka pale kijana anapoanza kusema.

Mama akatikisa kichwa. Mkono wangu hakuuachia.

"Hapana. Anza kwa wimbo."