Bibi Meno Chini ya Chandarua

Kati ya watu wote waliokiogopa kiboko katika bonde la Kilombero, na walikuwa wengi, maana Wajerumani walikigawa bila choyo, hakuna aliyekiogopa kama Bwanaheri. Alikuwa boi wa boma la Ifakara, mtu wa Kilwa kwa asili, mwenye kanzu nyeupe na mgongo ambao haujawahi kuguswa. Mgongo huo ndio uliokuwa fahari yake. Wapagazi walikuwa na makovu, mpishi alikuwa na makovu, hata tarishi wa Mahenge alikuwa nayo mawili ya kuonyesha wageni. Bwanaheri hakuwa na hata moja, na alipokwenda kuoga mtoni Lumemo alichagua upande wenye watu wengi ili wamwone.

Basi fikiri alivyojisikia siku bwana wake alipomkabidhi chungu chenye mmea, akamwambia kwamba anakwenda Mahenge kwa siku arobaini, na kwamba mmea ukifa atalipwa hamsa ishirini. Yaani viboko ishirini na vitano, kwa wale waliojaliwa kuzaliwa baadaye.

Bwana huyo watu walimwita Bwana Vipepeo, kwa kuwa kila alasiri mkuu huyu wa boma, mwenye bunduki na askari, alikimbia huku na huko majanini na kijiwavu mkononi. Mmea wake ulikuwa umevuka bahari ndani ya sanduku la kioo, kisha ukapanda hadi Ifakara kichwani mwa mpagazi. Ulikuwa mdogo wa kutosha kiganjani. Ncha ya kila jani ilikuwa kinywa kilichoachama, chenye meno membamba ukingoni, na nzi akitua ndani kinywa kinafumba, basi, habari za nzi zimekwisha. Watu wa Ifakara walipouona mara ya kwanza walirudi nyuma hatua tatu, kisha wakaupa jina: Bibi Meno.

Maagizo yalikuwa mafupi. Apewe maji ya mvua yaliyowekwa kwenye pipa, akae juani, asilishwe kitu. Bwanaheri alijibu "Ndiyo, Bwana" mara tatu. Aliyasikia maagizo yote. Tatizo ni kwamba hakuyaamini. Alikuwa amewatumikia Wazungu kwa miaka kumi, na kwa maoni yake alizijua shida zao kuliko wao wenyewe.

Kwanza, jua. Ni Mzungu gani anayekaa juani bila kofia? Bwana mwenyewe akitoka nje dakika tano anageuka mwekundu. Mmea wa Ulaya nao ni wa Ulaya. Bwanaheri akamwingiza Bibi Meno chumbani, akafunga madirisha, na kwa kuwa mbu wa Ifakara hawana adabu kwa mgeni, akamtundikia chandarua. Ndiyo, mmea unaoishi kwa kula wadudu aliuwekea chandarua, tena akakichomeka pembe zote nne.

Pili, chakula. Hapo ndipo dhamiri ilipomsumbua kweli. Mgeni ametoka mbali, yuko nyumbani mwako, na unampa maji matupu? Watu wangesema nini? Siku ya tatu akamtilia kipande cha samaki katika kila kinywa, na siku ya nne akazika vingine shinani, pamoja na chumvi kidogo ili kumtia hamu. Wanawake waliopita dirishani wakaona, na kwa kuwa njaa iliyofuata vita vya kupigana na Wajerumani ilikuwa haijasahaulika hata kidogo, walinong'ona kwamba wao wangekubali kuota majani kama ndiyo njia ya kupata kambale.

Tatu, maji. Maji ya mvua yalitoa povu zuri ajabu la sabuni, na Bwana alikuwa ameacha mashati kumi na mawili meupe. Bwanaheri akafua mashati kwa maji ya pipa mpaka pipa likakauka, na Bibi Meno akanyweshwa maji ya kisima cha boma, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika.

Siku ya kumi kinywa cha kwanza kikawa cheusi. Siku ya kumi na tano vilikuwa vitano, na chumba kilinuka samaki hata mpishi akalalamika. Siku ya ishirini Bwanaheri alifunua chandarua akakuta vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza majani machanga, wamejazana hadi kwenye moyo wa mmea, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwalinda kana kwamba wamewekwa na serikali. Bibi Meno, ambaye kazi yake ilikuwa kula wadudu, sasa wadudu walikuwa wanamla yeye. Bwanaheri akafanya kile ambacho kila mtu wa bonde hukifanya mboga zikiingiliwa: akachota majivu jikoni akammwagia. Siku mbili baadaye vidukari walikuwa wazima, sisimizi wazima, na Bibi Meno amelala ubavu.

Hapo mgongo ukaanza kumwasha. Hakuna aliyeugusa, lakini uliwasha. Alikuwa akiinuka katikati ya kazi, anapeleka mkono nyuma na kujipapasa, kama mtu anayeaga.

Aliyemwonea huruma alikuwa Emerensiana, mjane wa Kipogoro aliyekuwa akileta kunde na mchele bomani. Mumewe aliuawa miaka mitatu nyuma, wakati wa vita vya maji, akiwa amenyunyiziwa dawa ile ambayo waliambiwa itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Baada ya hapo Emerensiana alibatizwa kwa mapadre wa Kwiro, akachukua jina ambalo jirani zake mpaka leo hawalitamki lote, akalima peke yake, na hakumwogopa mtu. Bwanaheri, kwa majivuno yake ya Kilwa, hakuwa amewahi kumwamkia. Siku hiyo alimkuta anashusha kapu, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Emerensiana alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Marahaba," akasema. "Kumbe mambo ni mabaya hivyo."

Akaingia, akamtoa Bibi Meno nje ya chandarua, akamgeuzageuza. Alipochimbua samaki alifumba pua. Alipoonja udongo kwa ncha ya ulimi akatema. Aliuliza maji yanatoka wapi, na alipojibiwa kisimani alicheka kwa sauti. Maji yale, alisema, hata kunde haziivi nayo. Unachemsha kutwa nzima na zinabaki mawe. Sasa kitoto hiki chenye mizizi kama nywele, kimepewa maji hayo, na chumvi, na majivu, na samaki, na giza. Alisema amewahi kuona watu wakiwatendea adui zao kwa huruma zaidi. Huu ni mmea wa tope lisilo na rutuba, akaeleza, kama vile vijani vidogo vyenye gundi vinavyokamata mbu kule mbugani upande wa Malinyi. Anajitafutia mwenyewe. Ukimlisha unamuua.

Kazi ikaanza siku ileile. Waliuosha mzizi mpaka ukawa mweupe. Emerensiana akakata vinywa vyote vilivyooza, akabakiza viwili, na Bwanaheri akageuza uso pembeni wakati wa kukata. Wakaleta tope jeusi na mchanga kutoka kingo za mbuga. Maji wakayachota Lumemo, mto unaoshuka moja kwa moja kutoka milimani, maji laini yanayoivisha kunde upesi. Na kuhusu vidukari Emerensiana hakuwa na shaka yoyote: nguo yenye chawa huzamishwa. Wakajaza karai la kuogea la Bwana, wakamzamisha Bibi Meno mzimamzima tangu asubuhi hadi asubuhi. Vidukari wakaelea juu wakiwa wamekufa. Sisimizi, kwa kukosa wa kumlinda, wakahama.

Baada ya hapo aliwekwa juani, chungu chake ndani ya sahani ya maji, bila chandarua wala kofia. Kwa siku tano hakufanya chochote. Siku ya sita kikatokea kichipukizi. Bwanaheri alikimbia nacho, maana yake alikimbia na chungu kizima, hadi shambani kwa Emerensiana, na huko njiani akawaamkia watu watatu ambao hakuwa amewahi kuwaamkia. Hakuona haya kusema kwamba alilia.

Lakini vidukari huacha mayai. Siku ya thelathini na tano wakaonekana wawili, na Emerensiana akasema azamishwe tena. Safari hii watu walikuwa na habari. Wakaja kumi na wawili, wakachuchumaa kulizunguka karai uani mwa boma, kimya, shingo ndefu, wakitazama kitu kilichoko chini ya maji. Na Emerensiana, ambaye kwa sasa alikuwa anampenda Bibi Meno ingawa asingekiri, akaugusa uso wa maji kwa kidole akamwambia kwa upole kwamba akitoka humo hakuna kitakachomgusa tena.

Maneno hayo ndiyo aliyoyasikia Ombasha Seifu, koplo wa askari wa boma, akikata kona, kabla hajaona nani anayasema.

Ombasha alikuwa amepigana vita vile. Aliwahi kuona watu wakija kifua wazi mbele ya bunduki kwa sababu ya maneno kama hayo hayo, na alikuwa bado anawaota. Sheria ilikuwa wazi: mtu yeyote atakayekusanya watu kwenye dawa ya maji, akiwa mwanamume ni viboko, na mwanamke ni mnyororo mpaka Mahenge, na mjane wa mtu aliyefia vitani asitegemee kurudi. Seifu akapuliza filimbi. Watu kumi na wawili wakayeyuka. Wakabaki Bwanaheri, Emerensiana, na karai.

Karai lilikuwa ushahidi, lakini hakuna askari aliyetaka kuligusa. Mmoja alisema mkono unamuuma, mwingine akakumbuka kwamba ni zamu yake ya lango. Mwishowe Bwanaheri mwenyewe alilibeba kichwani hadi barazani, akiambiwa asimwage hata tone, na askari wawili wakalilinda wakiwa na bunduki, wamesimama mbali kidogo. Ndivyo Bibi Meno alivyokaa ndani ya maji siku mbili badala ya moja, kwa amri ya serikali, na kidukari wa mwisho akafa mikononi mwa dola.

Bwana Vipepeo alirudi siku ya thelathini na saba, siku tatu mapema, akaketi barazani na vumbi lake la safari. Seifu akaeleza yote: karai, mkusanyiko, maneno. Bwana alisikiliza bila kupepesa jicho. Kisha akauliza swali moja tu, nani aliyewapa watu maji haya.

Bwanaheri alijua jibu. Alijua pia kwamba mmea ulikuwa hai. Alikuwa anauona kutoka pale aliposimama, vinywa vinne vipya, vyekundu ndani. Deni lake la mgongo lilikuwa limekwisha. Kilichobaki ni kusimama kimya, na kimya ndicho kitu alichokijua vizuri kuliko vyote. Pembeni yake Emerensiana akavuta pumzi ili aseme, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema.

"Mimi, Bwana," akasema Bwanaheri. "Huyu mama nilimwita kubeba mtungi tu. Hajui kitu, ni mtu wa shamba."

Sauti ilimtoka nyembamba.

Bwana akainuka, akaliendea karai, akautoa mmea, akaugeuza kwenye mwanga. Uso wake ukalainika kabisa. Aliuliza ulizama kwa muda gani, na maji yametoka mto gani, akaandika yote katika daftari lake dogo. Kisha akatoa hukumu, na kwa hakika alijiona ni mtu wa haki. Kwa mmea, Bwanaheri hana kosa. Kwa maji, sheria ni ya Gavana na si yake kuibadili: hamsa ishirini. Ila kwa kuwa mmea umepona, zipunguzwe kumi. Mwanamke aende zake. Akaamuru Bibi Meno arudishwe majini hadi kesho, maana ilionekana yanamfaa.

Kumi na tano zikapigwa. Bwanaheri alipiga kelele tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na sitamsingizia ushujaa ambao hakuwa nao.

Alasiri Emerensiana akamkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka nyuma ya jiko. Alikuwa na majani ya mpera yaliyochemshwa kwa maji ya Lumemo, na bakuli la wali. Akaanza kumkanda mgongo bila kusema kitu, na hilo lilimtisha Bwanaheri kuliko kiboko.

"Hajui kitu," akasema Emerensiana hatimaye. "Mtu wa shamba. Mbele ya watu wote."

"Ilibidi, mama."

"Ungesema tulifanya wote wawili."

"Wewe ungekuwa kwenye mnyororo, na mimi ningekuwa hapahapa," akasema Bwanaheri huku uso umezama mkekani. "Sasa nani angenikanda?"

Mkono wa Emerensiana ulisimama juu ya mgongo ule. Waliokuja kumzika mumewe walimkuta na matundu mawili kifuani, na mkewe hakupewa nafasi ya kuyaosha. Akachovya kitambaa tena, akakikamua polepole, akaendelea na jeraha la kwanza, kisha la pili, kwa uangalifu, mpaka akayamaliza yote kumi na tano.