Utitiri wa Mama

Kijijini kwetu karibu na Zeitz, Ujerumani, kila mtu anakula kwa bia jibini linaloivishwa na utitiri, wale wadudu wadogo kama vumbi, lakini utitiri wa mama yangu ulisifika. Nilirithi kasha lake la mbao nikalijivunia kwa miaka arobaini. Unautupia donge la maziwa ya mgando lenye chumvi na kisibiti, na baada ya mwaka linatoka jeusi, kali kama nini. Bila bia halipiti kooni.

Jirani yangu Lothar aliniomba kijiko kimoja tu cha utitiri, miaka na miaka. Nikamnyima. Nilimwambia mikono yake ni ya koleo, atauua wote. Mwishowe akaacha kuomba, nikasikia ana kasha lake. Niliwaambia watu jibini lile ni la kulishia kuku.

Desemba iliyopita niliteleza kwenye barafu, nikavunjika nyonga. Hospitalini nilikaa hadi Machi, na ufunguo wa kasha ulikuwa shingoni mwangu, maana sikumwamini mtu. Utitiri usipopewa unga wa rai, nafaka ya kwetu kama ngano, hula jibini, na jibini likiisha hufa. Nilipofungua nilikuta vumbi. Nililimwaga mezani nikalikodolea macho mpaka kahawa yangu ikapoa. Vumbi lenye uhai hutambaa. Lile lilitulia tuli.

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikashika mkongojo nikaenda kwa Lothar.

Hakunisimanga. Alimimina bia mbili, akanikatia kipande cheusi juu ya mkate wa siagi. Nilikitia mdomoni nikiwa tayari kukikejeli, nikashindwa kutafuna. Ilikuwa ladha ya jikoni kwa mama.

"Umeupata wapi huu?" nikamuuliza.

"Kwa marehemu Egon, shemeji. Aliniletea ndani ya kiberiti, kakificha kwenye koti. Alisema ukijua utamlaza nje."

Mume wangu huyo, mpole kama kondoo!

"Ningemlaza nje kweli," nikasema.

"Basi chukua. Ni wenu."

Alinijazia kiberiti. Nikavua ufunguo shingoni, nikauweka kando ya bilauri yake.

"Kaa nao," nikamwambia. "Nikianguka tena, ulishe utitiri wangu. Na jibini lako ni zuri, Lothar. Langu litalishinda, lakini ni zuri."