Korongo wa Chiku

Basi Chiku alirudi kutoka majarubani kwenye mpunga wake na jembe begani na korongo kwapani. Korongo hai, jamani, mwenye kishungi cha rangi ya dhahabu kichwani, mguu mmoja ukining'inia. Alikuwa amemnasua mtegoni. Usiniulize alimbebaje mpaka nyumbani. Chiku akitaka lake, usijisumbue kumzuia.

"Mboga hiyo," akasema mumewe, Bujiku, bila hata kuinuka kitandani. "Mchinje. Mguu ukishavunjika, kilichobaki ni mchuzi."

Moyo ukamwuma Chiku. Bujiku alikuwa ameporomoka shimoni huko Geita alikokwenda kuchimba dhahabu, na goti lake likapona upande, limepinda. Huyu ndiye kiongozi wa ngoma yao! Kila baada ya mavuno, pale nje ya mji wa Shinyanga, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Mavuno yalikuwa yanakaribia, Mabula wa kikundi cha pili anatembea kifua mbele, na Bujiku kageukia ukuta. Mwaka huu asipotoka, hatoki tena. Chiku alilijua hilo, na aliposikia "mchinje", alijua pia kwamba si ndege peke yake anayesemwa.

"Hachinjwi mtu hapa, mume wangu," akasema. Akachana upindo wa kanga yake mpya, akaufunga mguu wa ndege kwa vipande vya bua la mtama.

Unadhani ndege yule alikuwa na shukrani? Thubutu! Alidonoa ugali mkononi mwa Bujiku. Siku moja Bujiku kwa hasira akanyakua debe, akalipiga amfukuze. Lo! Korongo akainamisha kichwa, akatanua mbawa, akaruka, akaanguka puu! Akainuka. Akainama tena, akaruka tena, puu! Bujiku akapunguza mapigo ili mwenzake amfikie. Chiku, jikoni, akasikia kitu alichokwisha kukisahau: mumewe anacheka, anacheka mpaka anakohoa. Chiku akalia kwa furaha, akausingizia moshi.

Siku ya ngoma Bujiku alikubali kwenda "kutazama tu," akakaa nyuma na fimbo yake, Chiku kando yake na korongo kwapani. Watu wote walikuwa upande wa Mabula. Ngoma zilipolia, korongo akamponyoka Chiku, akaingia katikati ya uwanja, akainama, akaruka, puu!

"Kilema huyo, mtoeni!" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Weee! Bujiku akasimama. "Kilema nani?" Akaingia uwanjani na fimbo yake, goti upande, akainama na ndege, akaruka na ndege, wakaanguka pamoja, wakainuka pamoja. Vumbi! Vigelegele! Watu wakamhama Mabula, akabaki na wapiga ngoma wake, nao shingo wamezigeuza.

"Dawa!" akafoka Mabula, maana hakuna kikundi kinachoingia uwanjani bila dawa ya kuvuta watu. "Ameificha kwenye mguu wa ndege!" Akamkamata korongo, akafungua kitambaa mbele ya macho yote, akakikung'uta. Hakuna unga, hakuna mzizi. Akakinusa, akapiga chafya.

Chiku akainua pindo la kanga lililochanika, akaliweka kando ya kitambaa kile kilichochakaa. Maua yakaungana sawasawa.

"Dawa yenyewe hii, shemeji. Nikuchanie na wewe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Mabula naye akajizuia weee, ikamshinda, akacheka. Korongo alibaki kasimama, mguu wazi. Ulikuwa umepona, lakini upande. Akaujaribu chini kidogo, akausimamia, kisha akamwinamia Bujiku.

"Piga ngoma, Mabula," akasema Bujiku, anahema. "Mwenzangu ananingoja."