Gunia la Pumba

Kifuniko cha sufuria kilichezacheza juu ya uji, jogoo hata hajawika, Yoramu alipofika Namawala kumchukua mama mkwe wake, Minza. Herieth, mke wa Yoramu, alikuwa amejifungua kule Lipangalala, na kichanga hakijapakatwa na bibi yake.

Yoramu alikuja na baiskeli aliyoifunga injini ya mashine ya kufyekea majani. Kwa kuwa kwao Wasukuma mtu hagusani na mama mkwe, alikuwa amefunga kigunia cha pumba nyuma ya kiti chake, kiwatenganishe.

"Shika gunia, mama," alisema, macho chini. Minza alilitazama gunia lile, moyo ukamlainika.

Kulipopambazuka walipita kisimani, injini ikitatarika. Makoye, jirani ya Minza, ameegemea pikipiki yake, akapaza sauti.

"Aibu gani hii! Mtu kumpakia mama mkwe kwenye cherehani!"

Watu wakaangua kicheko.

"Yoramu, simama," Minza alisema, akashuka. "Makoye, juzi nilikuomba unipeleke kwa mwanangu, ukasema pikipiki yako haibebi vikongwe. Leo nimepata wa kunipeleka, ndiyo unakumbuka mila? Mila kaishika huyu aliyefunga gunia. Wewe umeshika nini?"

Kicheko kikakatika. Makoye akainama, akajifanya anakagua tairi.

"Twende, baba," Minza alisema, akapanda.

Kule Lipangalala alimpakata mjukuu mpaka alasiri. Alipoaga, Herieth alimng'ang'ania mkono.

"Nimemwambia Yoramu asilifungue lile gunia kwenye baiskeli. Uje tena, mama."