Baga Iliyopimwa kwa Pima Maji

La, hakuikataa ile baga kwa kiburi. Nani kakudanganya? Babu Pima hana kiburi hata chembe. Tatizo lilikuwa meno. Yaani hayo meno hayakuwepo! Yalikuwa nyumbani, dirishani bafuni, yametulia ndani ya glasi ya maji.

Ngoja twende polepole. Babu Pima alikuwa fundi mwashi, akastaafu, lakini ile pima maji yake ndogo, yenye kipovu cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, haikutoka kwenye mfuko wa koti. Akiingia kwa mtu, kabla hajakaa, ashaiweka mezani. "Meza yako imelala upande huu." Ndipo jina likamganda. Sasa ana mjukuu wake, Kidoti, anampenda mpaka basi, anamwita "mke wangu" tangu yuko kwenye nepi. Kidoti akapata mchumba, kijana mpishi wa baga, kwenye mkahawa mmoja wa viti virefu, ukikaa miguu inaning'inia. Na kwenye familia ile posa haijibiwi kwa maneno. Mchumba anampikia mkubwa wa nyumba. Akila, kakubali. Akisukuma sahani, ndiyo basi tena. Na kabla yeye hajauma, hakuna mtu kugusa hata chipsi.

Babu alishamkubali kijana zamani. Siku hiyo akaoga, akapiga pasi koti mwenyewe, akawa wa kwanza mlangoni. Wamefika mkahawani, anafungua mdomo asalimie, anasikia upepo unapita. Fyuu! Akaufunga hapo hapo.

Aseme? Atasemaje! Mezani kakaa babu yake mpishi, mzee mkimya ambaye ni fundi saa, na tai shingoni. Na Babu Pima alishajigamba kwa kinyozi, kwa majirani, mpaka kwa muuza mkaa, kwamba meno yake mapya yanavunja mfupa.

Baga ikaja. Jamani, ile si baga, ni ghorofa. Mkate, nyama, jibini, yai, kitunguu cha kukaanga, nyama tena, na juu kabisa kijiti kimesimama kama antena. Mpishi kaileta mwenyewe, akaitua mbele ya mzee.

"Karibu, babu."

Babu Pima akaweka kiganja mbele ya mdomo. "Imepinda."

"Imepinda, babu?"

"Upande wa jibini. Itaangukia watu."

Mpishi mbio jikoni. Ikaja nyingine. Babu akafumba jicho moja, akasema mkate wa chini mwembamba, msingi hauna nguvu. Ikarudi. Ikaja nyingine, inatoa moshi. "Hii iache ikauke kwanza. Mtu hahamii nyumba saruji bado mbichi."

Bibi yake Kidoti, yaani mke mkubwa, njaa ilishamfika kooni. "Wewe mzee, unakula au unakagua?"

"Nakagua."

"Mwacheni mwenzangu," fundi saa akasema, naye kaziba mdomo kwa mkono. "Akague tu. Mimi sina haraka kabisa."

Kidoti akamsogelea babu yake, macho yamejaa maji. "Mume wangu, kama humtaki, si useme tu?"

Hapo moyo wa mzee ukakatika vipande. Lakini kabla hajajua la kufanya, mpishi akanyoosha mkono. "Babu, naomba hiyo pima maji."

Akaenda nayo jikoni. Zikasikika sufuria, akasikika mpishi akijisemesha. Akarudi na baga nyingine, pima maji imelala juu yake. Watu wote wakainama. Kipovu kimetulia katikati, hata hakitikisiki! Babu akaigeuza pima maji, ncha hii huku, ile kule, kama mafundi wanavyohakikisha. Katikati vilevile. Akaitazama kama unavyomtazama rafiki aliyekuchoma kwa polisi.

Visingizio vimekwisha. Na Kidoti ashachukua mkoba, anataka kuondoka.

"Mke wangu, usiende! Tazama!" Babu akapanua mdomo wote, ufizi mtupu, meza nzima ikaona mpaka kidakatonge. "Nimeyasahau kwenye glasi!"

Fundi saa akakohoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua taratibu. Meno.

"Yangu haya. Yananibana, nikayavua njiani. Nilikuwa namwomba Mungu uendelee kukagua."

"Kumbe! Na tai yote hiyo?"

"Nikuazime meno?"

"Hebu lete tujaribu saizi..."

"Rudisha mfukoni!" Bibi akapiga meza. "Watu tunataka kula!"

Mpishi alikuwa anacheka mpaka kashika ukuta. Akachukua kisu, akaibomoa ile ghorofa, akakatakata nyama vipande vidogo vidogo, mkate akauloweka kwenye sosi, akagawa bakuli mbili na vijiko. Babu Pima akachota. Akatafuna kwa ufizi, mashavu yanaingia yanatoka, na watu wamebana pumzi kama wanangoja penalti. Akameza.

"Sasa, babu?" mpishi akauliza.

"Sasa nini? Mke umeshaniibia, mwizi we. Vuta kiti."

Kidoti akaangusha mkoba, akamvutia mpishi kiti, fundi saa akasogea kumpa nafasi. Mpishi akavua aproni, akapanda juu ya kile kiti kirefu, miguu ikaning'inia kama ya wenzake. Bibi hakuwangoja, alishazamia kwenye chipsi. Wote wakaketi, wakala.